Maita ya inchi 10 ya bei ya kati: mota iko sawa, vipimo vya kiwandani usiviamini

Niseme mapema ili asiye na muda aende zake: hii maita, yani msumeno wa stima wa kukata mbao kwa pembe, ni nzuri kwa hio bei, mota iko na nguvu, inapita kwa saiprasi ya 4x2 bila kulia, lakini vile inatoka kwa boksi usiikatie kazi ya mteja. Kaa nayo kwanza asubuhi nzima na skwea ya maana (ile ya kupima digrii 90) na alenki (funguo za boliti za tundu la pembe sita), uipange, ndio uanze kuiita msumeno. Aliyekuuzia atakwambia imepangwa kiwandani. Ni kweli ilipangwa, alafu ikapakiwa kwa kontena, ikashushwa Mombasa, ikapandishwa lori, ikatupwa stoo, mwisho ikabebwa na bodaboda ikiwa imefungwa na blada, sasa hio mipangilio ya kiwandani unadhani bado iko hapo?

Ninayoongelea ni maita ya kuteleza, yani kichwa chenye mota na bledi kinavutwa mbele na nyuma kwa reli, bledi ya milimita 255, wati 1800, meza inazunguka kushoto na kulia, kichwa kinalala upande mmoja tu, kushoto, hadi digrii 45. Jina la kampuni silitaji, na sio eti naogopa, ni vile ukitembea Kirinyaga Road hapa Nairobi utaonyeshwa mashine za rangi tofauti ambazo ukizibandua stika ni ndugu wa tumbo moja, kitako kile kile, mpini ule ule, hata boliti ziko mahali pamoja. Kwa hivyo haya yote chukulia ni ya hio familia nzima ya elfu thelathini na kitu. Zile za majina makubwa ziko juu sana na sizilinganishi hapa, na zile ndogo zisizoteleza ni hadithi ingine.

Mimi kazi yangu ni makabati, fremu za milango na skating za chini ya ukuta, workshop iko Kariobangi Light na kazi nyingi za kumalizia nafanyia saiti. Mtu wa kukata mbao za kuezeka anaweza kusoma hii akaona ni makelele ya bure, kwake digrii moja haionekani. Kwangu inaonekana.

Tuanze dukani maana hapo ndipo watu wanapotezea pesa. Kijana wa duka alichomeka mashine, akachukua kipande cha 2x2 akakishika na mkono, hakuna klampu, hakuna miwani, akakata, waaa, kikaanguka. "Umeona mkubwa? Hii unachomeka tu unakata." Watu wawili waliokua hapo wakatingisha kichwa. Jamani, mashine yoyote yenye bledi mpya itakata 2x2, hata iliyopinda. Hio sio kuijaribu mashine, hio ni kuijaribu stima. Nikamuuliza kama wako na skwea, akaniletea ya plastiki ya kitabu cha hesabu. Nikatoa yangu kwa begi.

Ukienda kununua beba skwea ya chuma, rula ya chuma ya sentimita 30 hadi 60 na uwe na subira, hata kama wanakuangalia vibaya. Mashine ikiwa haijachomekwa, shika mpini utikise kichwa kushoto kulia. Kuna mchezo kidogo kwa mashine zote za kuteleza, hasa reli zikiwa zimevutwa zote, lakini ukisikia "kloko kloko" kwa kiungo cha nyuma hio acha. Mimi nilifunguliwa tatu, ya kwanza ilikua inacheza waziwazi, ya pili fensi yake, ule ukuta ambao mbao inaegemea, ilikua imepinda, ukiweka rula unaona mwanga unapita katikati. Hio ya fensi ni muhimu kuliko zote kwa sababu kichwa kikiwa kimekaa vibaya unaweza kukirekebisha na boliti, lakini fensi ya aluminiamu iliyopinda huna la kufanya nayo, ni kuirudisha. Zungusha bledi na kidole pole pole uangalie kama inayumba ikipita karibu na kibao cha mezani, ile sahani ya katikati ambayo bledi inapitia. Alafu bonyeza kichwa chini ukiachilie, kile kinga cha plastiki kinafaa kirudi chenyewe na kufunika meno yote bila kusaidiwa. Kikikwama hata mara moja omba ingine. Muuzaji atanuna kidogo lakini pesa ni yako.

Kwa boksi nilipata bledi ya meno 24, klampu moja ya kusimama, mfuko wa vumbi, alenki mbili za chuma laini ambazo zilianza kuzunguka zikiwa kwa boliti, na kijitabu ambacho kimeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuiona hio mashine. Nunua seti ya alenki nzuri, hio ndio gharama ya kwanza ya ziada. Ya pili ni bledi, nitaifikia.

Kabla ya kupanga chochote, funga mashine. Kitako kiko na mashimo manne, pitisha boliti hadi kwa benchi na ukaze na nati, sio skrubu za blokbodi. Mashine ya kuteleza ina uzito unaotembea, ukivuta kichwa mbele mizani inahama na kama haijafungwa inaweza kuinama ikikujia wakati bledi iko na mwendo. Ukishafunga, tengeneza viegemeo pande zote mbili viwe usawa na meza, sawa kabisa. Mbao ya futi 10 ikining'inia upande mmoja inajiinua kwa meza, unakata kitu kilichoinama alafu unalaumu mashine. Mimi niligonga viboksi viwili vya MDF, nikavisawazisha kwa uzi na vipande vya laminate chini, basi.

Stima pia ni sehemu ya kupanga. Wati 1800 kwa volti 240 ni kama ampea 7.5, hio plagi ya ampea 13 inabeba bila shida, shida ni ekstensheni. Zile waya nyembamba nyembamba za kuchaji simu zinaangusha nguvu, mota inazunguka pole, bledi inachoma mbao na mota yenyewe inapata joto. Tumia waya ya milimita mraba 2.5 kama ni mbali, na kama iko kwa mzinga ifungue yote, usiache imejikunja maana inapata moto. Na popote nitakaposema "gusa bledi" ama "pima" kuanzia hapa, plagi iko nje ya soketi na unaiona kwa macho. Sio swichi ya ukuta imezimwa. Plagi nje. Workshop ni ya watu wengi na kuna yule mtu ataona swichi imezimwa afikirie alikusaidia akiwasha.

Sasa kupanga kwenyewe. Kwanza pima skwea yako, kwa sababu nyingi za mtaani zimelala. Chukua ubao wenye ukingo ulionyooka, weka skwea, chora mstari na penseli iliyochongwa, alafu geuza skwea upande wa pili uichore tena pale pale. Mistari ikiachana, hio skwea ni ya kupimia ng'ombe. Nimeona skwea mpya kabisa, bado iko kwa nailoni, ikiachana karibu milimita mbili kwa urefu wa sentimita 20.

Skwea ikiwa sawa, peleka meza kwa sifuri hadi isikike "tak" ikiingia kwa mfereji wake, bonyeza kichwa chini ukifunge, alafu uweke skwea upande mmoja ukilalia fensi na upande mwingine ukilalia bati la bledi. Bati, sio meno. Meno ya kabaidi ni mapana kuliko bati, skwea ikigusa jino moja unapata jibu la uongo, kwa hivyo zungusha bledi skwea iingie katikati ya meno. Hii yangu ilikua na mwanga upande wa nyuma, kitu kidogo tu, mtu wa haraka angesema iko sawa.

Hapa kuna njia ambayo haitegemei skwea kabisa na ndio naiamini zaidi. Chukua kipande cha MDF cha upana wa milimita 150 hivi, kingo zake mbili ziwe sambamba, andika X juu pande zote mbili za mahali utakata. Kata. Alafu kipande kimoja kigeuze juu kiwe chini, X ikiangalia meza, urudishe vipande vikutane kwa fensi. Kama mashine imenyooka vinakutana hakuna mwanga. Kama haijanyooka kosa linajionyesha mara mbili. Robo ya digrii kwa upana huo ni kama milimita 0.65 ambayo jicho linaweza kuisamehe, lakini ukigeuza inakua 1.3 na hio hakuna wa kuisamehe. Yangu ilifunguka nyuma kiasi cha kuingiza kadi ya benki.

Dawa yake kwa hizi mashine ni kulegeza boliti za fensi, ziko nne na ni za alenki, unaacha meza ikiwa imefungwa kwa sifuri na bledi iko chini, unasukuma fensi ifuate skwea, unakaza moja ya kushoto kidogo, moja ya kulia kidogo, unaenda hivyo kwa zamu. Ukikaza moja yote mara moja fensi inahama na unarudi ulikotoka. Alafu unakata MDF ingine, unageuza, unaangalia. Usiridhike na skwea peke yake, kipande kilichokatwa ndio kinasema ukweli. Ukishapata, sogeza ule mshale mwekundu wa skeli uelekee sifuri, ni skrubu moja tu, na kuanzia hapo uchukulie hio skeli kama ya kukusaidia kufika karibu. Stika yenye namba iliyobandikwa kwa aluminiamu haijui fensi yako iko wapi.

Kulala kwa kichwa ni kazi ingine na wengi wanairuka. Skwea inakaa kwa meza, inasimama ikiegemea bati la bledi. Kuna boliti ya kusimamisha kichwa kwa sifuri iko nyuma karibu na kiungo, iko na nati ya kuifunga, legeza nati, zungusha boliti kidogo, kidogo sana, pima, funga nati, pima tena kwa sababu kufunga nati kunaivuta. Ingine kama hio iko ya digrii 45. Yangu ya sifuri ilikua sawa tangu dukani, ya 45 ilikua inasimama kwa 44 na kitu. Na ukilaza kichwa usisahau kuvuta ile sehemu ya juu ya fensi ya kushoto iende pembeni, imewekewa reli yake kwa sababu hio. Usipoivuta bledi inaikata, na vile aluminiamu inarukia uso hakuna anayetaka kujua.

Mbona nahangaika na nusu digrii? Fremu ya picha ama ya kioo iko na kona nne, kila kona mikato miwili, jumla minane. Kila mkato ukikosea nusu digrii upande mmoja, kona tatu unazibana zinafunga vizuri kabisa unafurahi, alafu ya nne inakuonyesha digrii 4 zote. Kwa mbao ya upana wa milimita 70 hio ni pengo la karibu milimita 7. Hapo ndio unaona fundi akiomba unga wa mbao na gundi nyeupe.

Lakini pengo lingine sio la mashine. Saiprasi tunayouziwa huku nyingi ni mbichi, tangu marufuku ya kukata miti ya 2018 watu walizoea kuchukua chochote kilicho yard na hata baada ya kufunguliwa 2023 hio tabia haijaisha. Mbao ikikauka inapungua upana, urefu unabaki, kwa hivyo ile 45 yako nzuri inafunguka kwa ndani huku ncha ya nje bado imegusana. Ukiona hivyo wiki mbili baada ya kazi, na siku ya kazi ilikua imefunga, usifungue boliti za mashine. Tafuta mbao iliyokauka.

Sasa malalamiko yangu makubwa kwa hii mashine: ile mifereji ya digrii. Iko na vituo kwa 0, 15, 22.5, 31.6 na 45, hio 31.6 ni ya konisi (ule urembo wa kona ya ukuta na dari) ikiwa imelazwa mezani na kichwa kimelala 33.9. Vituo ni vizuri ukitaka 45. Lakini nyumba zetu kona sio 90. Ingia fleti yoyote mpya pale Ruaka uweke skwea kwa kona utaona plasta imejaa kwa ndani. Kona ya 92 unataka kukata 44 kila upande, ya 88 unataka 46, na ya 91 unataka 44.5, na hapo mashine inakataa. Mfereji wa 45 ni mpana, ukiweka 44.5 ukaanza kukaza mpini unasikia imevutwa "tak" imerudi 45. Mashine za bei kubwa ziko na kitufe cha kuzima hio mifereji, hii haina. Nilichofanya ni kuacha meza 45 alafu naweka kipande cha karatasi ngumu ama kipande cha laminate katikati ya mbao na fensi, mwisho mmoja, inanipa ile nusu. Laminate ya milimita moja ikiwa sentimita 11 na nusu kutoka mahali mbao inagusa fensi ni nusu digrii. Inafanya kazi lakini kwa elfu thelathini sikutarajia kupima na karatasi.

Laser usiniulize. Inaonyesha mstari mzuri mwekundu mahali ambapo bledi haikati. Kuna skrubu mbili ndogo za kuirekebisha, nikairekebisha, ikakaa, nikabeba mashine saiti, ikahama. Mimi nashusha bledi ikiwa imezimwa hadi jino liguse mstari wa penseli, nainua, nawasha, nakata. Kumbuka bledi iko na upana wake, karibu milimita 3, kwa hivyo ujue unakata upande gani wa mstari.

Usalama naona watu wanauweka mwisho ama wanauweka kwa picha tu. Ile kinga ya chini ya plastiki, ingia workshop kumi za Ngong Road uone ngapi zimeifunga juu na blada ya baiskeli "ndio nione mstari". Nimeongea na mzee mmoja jirani yangu wa makochi, mtu namheshimu sana, nikamwambia mzee wangu hio blada itoe, akanijibu, "Kijana, mimi na hii mashine tumezoeana." Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hana nusu. Sikuongeza neno. Lakini wewe ambaye umeajiri vijana jua kwamba sheria ya usalama kazini ya 2007 inataka sehemu hatari za mashine ziwe zimezibwa, na kijana akiumia huwezi kusema alikua amezoea. Kama huoni mstari, kinga ni chafu, ioshe na maji na sabuni. Usitumie thina, inaifanya iwe na ukungu milele.

Mikono ikae mbali na bledi, angalau sentimita 15, mimi nimechora mistari miwili kwa meza na rangi nyekundu na ndani ya hio mistari hakuna mkono unaingia mashine ikiwa hai. Kipande ni kifupi kuliko hapo? Klampu. Ama unakata kutoka kwa mbao ndefu. Usikatize mikono, yani kulia kwa mpini alafu kushoto ipite juu kushika mbao upande wa kulia, hio ndio njia ya haraka ya kwenda hospitali ya Kenyatta. Mbao iliyopinda weka tumbo lake liguse fensi, ukiiweka kinyume inabana bledi katikati na inaruka. Na glavu hapana, watu wanashangaa, glavu ikishikwa na jino inavuta mkono mzima.

Mwendo wa mkato kwa hii ya kuteleza ni huu na sio mwingine: vuta kichwa kikiwa juu kije kwako, washa, ngoja mota ifike mwendo wote, shusha pole, alafu sukuma kwenda nyuma. Ukikata ukivuta kuja kwako bledi inapanda juu ya mbao na inakukimbilia kifuani. Ukimaliza achilia swichi ukiwa bado umeshika chini, ngoja bledi isimame kabisa ndio uinue. Hio ya kungoja ndio ngumu zaidi kwa vijana, wanainua bledi ikizunguka na kile kipande kidogo cha pembeni kinarushwa. Hii mashine haina breki ya mota, bledi inazunguka sekunde kadhaa, zinaonekana nyingi ukiwa na haraka, ngoja tu.

Masikio na mapafu: kanuni za kelele za 2005 zinaweka desibeli 90 kwa masaa 8 na msumeno kama huu ukiwa kazini unapita hapo, nunua yale ya kuziba masikio ya kikombe, ni bei ya chakula cha mchana. Vumbi la mbao shirika la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kwa kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani tangu 1995, na MDF juu yake iko na gundi. Ule mfuko uliokuja na mashine unashika labda nusu, nusu ingine unaipata kwa nyusi. Niliunganisha hosi ya vakyumu ya kawaida, mdomo haukutoshea nikazungushia blada (blada iko na kazi zake halali) na sasa angalau naona ukuta wa pili.

Bledi. Ile ya meno 24 iliyokuja nayo ni ya kukata mbao za kuezeka, kwa skating ya MDF iliyopakwa na kwa blokbodi ya laminate inang'oa kingo vibaya. Niliitoa nikaweka ya meno 60 na hapo ndio mashine ilianza kufanana na pesa yake, mkato unatoka laini hauhitaji msasa mwingi. Ukienda kununua angalia vitu vitatu. Shimo la katikati, kuna ya 25.4 na kuna ya 30, pima yako na vernia kabla hujapanda matatu, na kama unatumia ringi ya kupunguza iwe ile ya kiwanda inayokaa kamili, sio ringi ya bati imechongwa na jua kali Kamukunji. Mwendo ulioandikwa kwa bledi uwe juu ya ule wa mashine, yangu ni 4800 kwa dakika. Alafu pembe ya meno, kwa mashine ya kuteleza tafuta ile hasi, kama -5, meno yamelala nyuma kidogo kwa hivyo haivuti mbao wala kukukimbilia. Kubadilisha: bonyeza kile kitufe cha kufunga ekseli, na boliti yake ni ya kushoto, inafunguka kwa kuzungusha upande ambao zingine zinafungwa. Niliambiwa na muuza spea kwamba wateja wanamletea mashine zilizokatika hio boliti kwa kulazimisha upande usio wake. Mshale wa bledi ufuate mshale wa kinga, na futa ile sahani ya nyuma ya bledi kabla ya kuweka mpya, punje moja ya vumbi hapo inafanya bledi iyumbe na kazi yote ya skwea inapotea.

Ukiipeleka saiti shusha kichwa, kifunge na ile pini, funga reli, na ubebe kwa mpini wa juu na kitako. Usibebe kwa fensi. Kwa probox ikae sakafuni sio juu ya mifuko ya simiti. Ukifika kata kipande cha MDF, geuza, angalia. Ni dakika chache na mteja hata hajui unafanya nini.

Baada ya kuitumia kwa miezi, mota haijanisumbua, reli bado zinateleza, fensi imekaa mahali niliiweka. Ile sahani ya plastiki ya katikati ya meza, ambayo bledi inapitia, imeanza kuchakaa na duka niliponunua hawana ya kuuza peke yake, ati ninunue meza nzima. Nimejikatia ya MDF ya milimita 6 na inafanya vizuri zaidi kwa sababu mfereji wake ni mwembamba haswa kama bledi na vipande vidogo havizami. Kabon, zile brashi za mota, ndio zinaisha, hizo zinapatikana Kirinyaga Road lakini nenda na ya zamani mkononi maana saizi zinafanana na hazitoshei.

Ungeniuliza kama ningeinunua tena ningesema ndio, kwa mtu wa makabati na skating ambaye yuko tayari kutumia kama elfu tatu nne zaidi kwa bledi, alenki na skwea. Kwa anayetaka kukata konisi kila siku kwenye nyumba zenye kona za ajabu, hapana, tafuta yenye kitufe cha kuzima mifereji. Na popote utanunua, kabla ya kulipa waambie wakuonyeshe kabon na kibao cha meza cha hio modeli kikiwa kwa shelfu, sio "tunaagiza".